Bwana Shamba na Ulimbo wa Nzi

Bwana Shamba alikuwa hanywi maji kabla hajayaonja, na hakuona haya kufanya hivyo hata ugenini. Ukimpa kikombe, atachovya kidole, atakiweka ulimini, atafumba jicho moja kama anayesikiliza kitu cha mbali, halafu atakwambia, "Haya ni ya kisima. Yana chumvi kidogo." Mara ya kwanza aliponifanyia hivyo nyumbani kwangu Isevya nilimnunia wiki nzima. Nilikuwa mke kijana wa fundi wa reli, sina hata sufuria tatu, na huyu jirani ananipimia maji! Sikujua bado kwamba alikuwa hanipimi mimi. Alikuwa anawaza beseni lake.

Jina alikuwa nalo, lakini mtaani hakuna aliyelitumia, na yeye mwenyewe ukimwita kwalo alichelewa kuitika. Alikuwa Bwana Shamba, basi. Kazi yake ilikuwa kuwasimamia wakulima wa tumbaku upande wa Usoke, na kila baada ya siku chache tulimwona akirudi na baiskeli, vumbi hadi kwenye nyusi, suruali kaichomeka kwenye soksi. Mke na watoto wake walikuwa kwao wakilima. Yeye alikuwa mtu wa kuhamishwa-hamishwa. Tumbaku aliijua kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia, ila hakuivuta. Mgeni akiwasha sigara uani kwake alimwomba, kwa adabu kabisa, akamalizie barabarani.

Nilichompendea kwanza ni mikono yake. Ilikuwa minene, ya mtu wa jembe, lakini ilipogusa mbegu ilibadilika. Mbegu ya tumbaku ni vumbi. Ukipiga chafya umeshapoteza robo ya kitalu. Yeye alikuwa akiichanganya na majivu, anaitia kwenye kopo la kumwagilia lenye matundu, kisha anatembea juu ya kitalu kilichochomwa kwa kuni mpaka udongo ukabadilika rangi, anamwaga taratibu huku akihesabu hatua kwa sauti. Vitalu vyake havikuwahi kukataa. Wakulima waliomfuata walipata miche, na waliojifanya wajuaji walikuja kumlilia.

Alikuwa na jibu moja kwa wanaolia. Mtu akija na kusema, "Bwana Shamba, mbegu zimekufa," yeye alimsahihisha palepale: "Hazijafa. Zimekataa. Ziulize zinakataa nini."

Na alikuwa na vita moja isiyoisha. Alichukia mbegu kutundikwa jikoni. Unajua desturi ya huku kwetu: mahindi ya mbegu na mashuke ya mtama yanafungwa darini, juu ya mafiga, yanakula moshi kiangazi chote. Bwana Shamba akiingia jiko la watu alikuwa anaangalia juu kabla ya kuamkia. Akiona mashuke meusi kwa masizi, anapanda juu ya kinu, anayatoa kwa mikono yake, anamkabidhi mama mwenye nyumba huku akisema, "Mbegu si samaki, mama. Tia kwenye debe, funga, weka penye ubaridi." Hayo ya samaki yalienea. Watoto wa Isevya wakimwona kwa mbali na baiskeli yake walikuwa wanaimba, "Mbegu si samaki!" naye anawapigia kengele.

Mambo ya ujamaa aliyaamini kwa dhati. Aliita watu ndugu, alilima shamba la pamoja la mtaa bila kutumwa, na akipata sukari aliigawa mpaka yeye mwenyewe anakunywa chai chungu. Lakini uani kwake palikuwa na beseni la bati ambalo mtu yeyote alikatazwa kulisogelea. Siku moja mume wangu alimtania: "Ndugu, hili nalo si letu sote?" Akajibu bila kucheka, "Kila kitu changu ni chenu. Beseni hili si la ujamaa."

Sasa nieleze la beseni.

Mwaka ule watu walipohamia vijijini, kijiji kimoja kipya upande wa Usoke kilianza bila chakula. Watu wameshushwa na magunia yao tupu, mvua iko karibu, na ardhi waliyopewa ni mchanga wa tumbaku. Bwana Shamba aliombwa ushauri. Akazunguka siku mbili, akawaonyesha mbuga iliyokuwa bondeni, yenye maji yanayotuama wakati wa masika. Akaandika kwa mkono wake kwamba palimwe majaruba ya mpunga, akachora mitaro, akaweka sahihi. Mbuga ikalimwa. Mpunga ukakubali, na watu wale walikula.

Ila katika mbuga ile kulikuwa na mmea ambao wenyeji waliuita ulimbo wa nzi. Mimi niliuona baadaye sana, lakini yeye alinisimulia mara nyingi hadi nikahisi nimeuona: mwembamba, haupiti shibiri mbili, majani yake kama nyuzi, na kila uzi umejaa vinywele vyekundu, kila kinywele kina tone linalong'aa. Mbu au nzi mdogo akija kwa tamaa ya tone lile ananasa. Jani linamkunja polepole, na baada ya siku chache unakuta bawa tu. Ukifika kiangazi mmea wote unakauka, unapotea, na masika unaota upya kutokana na mbegu. Bwana Shamba alikuwa anasema ndio mmea pekee uliowahi kumchekesha peke yake porini.

Kabla ya majembe kuingia, alikwenda na karatasi akapukutisha mbegu kutoka kwenye maganda yaliyokauka. Zilikuwa ndogo kuliko za tumbaku. Mwenye duka wa kona yetu, Mwarabu wa hapahapa Tabora ambaye mababu zake walikuja na misafara ya zamani, alimpa chupa tatu tupu za marashi. Alimtania, "Bwana Shamba, leo unataka kunukia?" Naye akamwambia, "Wazee wako walipita njia hii na pembe za ndovu. Mimi napita na vumbi. Tutaona nani kabeba cha maana." Akazifunga chupa zile kwa nta ya mshumaa.

Alidhani ni za akiba tu. Mwaka uliofuata alizunguka mbuga nyingine zote anazozijua, mpaka karibu na Bukene, akautafuta ulimbo wa nzi. Hakupata hata mmoja. Jioni aliporudi kutoka safari ya mwisho alikuja kukaa barazani kwetu, akapokea maji niliyompa kisha akasahau kuyanywa.

"Mama Kulwa," aliniambia, maana nilikuwa nimeshajifungua mapacha wangu, "mpunga ule sijutii hata punje moja. Watoto wale wamekula. Lakini mmea ule niliuondoa mimi, kwa kalamu yangu. Nikistaafu kabla sijauotesha, nitakuwa bwana shamba aliyefuta kitu alichokikuta. Hilo sitaki kufa nalo."

Tangu siku hiyo beseni lilikuwa shauri letu sisi pia, ingawa haturuhusiwi kuligusa.

Chupa ya kwanza aliimaliza kwa ufundi. Namaanisha, ufundi ndio ulioiua. Alifanya yote aliyofundisha Usoke kwa miaka: akachoma udongo, akatia mbolea kidogo, akachanganya mbegu na majivu, akamwagia kwa kopo lake maji ya kisima. Magugu yaliota mazuri sana. Ulimbo haukuota hata mmoja. Mtaa ukapata la kusema. Watu walikuwa wakipita uani wanaulizia, "Bwana Shamba, nzi wameshiba?" Yeye anajibu, "Zimekataa. Naziuliza."

Na kweli alikuwa anauliza. Alirudi bondeni akakaa kutwa akichunguza ukingo wa majaruba, akaonja maji ya mbuga, akaonja ya kisima chetu, akaonja ya mvua kutoka kwenye bati. Ya mbuga na ya mvua yalikuwa hayana ladha kabisa. Ya kisima yalikuwa na ladha. Hapo ndipo tabia yake ya kuonja ilipoanza, na haikumtoka tena. Akagundua mmea ule unakula nzi kwa sababu ardhi yake haina chakula, na kwamba yeye alikuwa ameuletea karamu ya majivu na mbolea, ikauchoma. "Nimemlisha pilau mtu anayetaka uji," alisema. Alijicheka vizuri siku hiyo.

Chupa ya pili basi ikapata udongo wa mbuga wenyewe, mchanga mweupe na matope meusi, na maji ya mvua peke yake. Hakuzifukia, alizipukutisha juu tu, zione jua. Beseni, ambalo alikuwa amelitoboa chini, akalikalisha ndani ya sinia lenye maji, yapande yenyewe kutoka chini. Wavu juu kwa ajili ya kuku. Kila kitu kilikuwa sawa. Nilikuwa na hakika, na nafikiri hata mwenye duka alikuwa na hakika, maana alikuja kuangalia.

Hazikuota. Mwezi, miezi miwili, hakuna. Mvua zikakatika. Bwana Shamba alikonda. Sisemi kwa mfano; mkanda wake aliutoboa tundu jipya kwa msumari, nilimwona. Mbegu zile alikuwa amezihifadhi kama alivyofundishwa na kama alivyofundisha watu: penye ubaridi, kivulini, mbali na moto. Alikuwa amebakiwa na chupa moja.

Kiangazi hicho akahamishiwa Urambo kwa msimu mzima. Panya walikuwa wengi kwenye nyumba za kazi, kwa hiyo akanikabidhi mimi chupa. Alinishika mkono kabisa. "Weka chini ya mtungi wako wa maji, Mama Kulwa. Ndipo penye ubaridi kuliko pote. Nitakuja na mvua za kwanza. Usimpe mtu."

Nikaiweka chini ya mtungi. Naapa niliiweka.

Halafu akaja mama mkwe kutoka Bukene, ameshuka treni na mtama wake, kuwaona wajukuu. Mama mkwe wangu alikuwa hawezi kukaa kwenye nyumba bila kuipanga upya. Nilikuwa sokoni siku aliyosafisha jikoni. Wiki tatu baadaye natia mkono chini ya mtungi, hakuna kitu. Nikamuuliza kwa heshima zote alizostahili.

"Kichupa cha mbegu?" akasema. "Mlikiweka kwenye unyevu, mayo, mama we! Mbegu inawekwa pale?" Akanyoosha mkono juu, kwenye dari ya jiko. Kati ya mashuke ya mtama, katikati ya moshi, chupa ya marashi ilikuwa inaning'inia kwa uzi, nyeusi tititi. Niliigusa. Ilikuwa moto.

Ningeweza kuishusha. Sijui kwa nini sikuishusha. Nadhani niliogopa kwamba nikiigusa itakuwa kosa langu, na ikibaki itakuwa la mama mkwe. Aibu, lakini ndivyo nilivyofikiri. Ikabaki pale kiangazi chote, wiki baada ya wiki, kila siku ikipikiwa ugali chini yake.

Bwana Shamba alirudi mvua ya kwanza iliponyesha. Hakupita hata kwake. Alisimamisha baiskeli mlangoni kwangu.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba, Mama Kulwa. Iko wapi?"

"Iko jikoni."

"Jikoni wapi?"

Nilinyoosha kidole juu. Aliangalia. Aliangalia kwa muda mrefu kiasi kwamba kuku walianza kupita kati ya miguu yake. Kisha akakaa juu ya kinu changu, yule mtu aliyepanda juu ya vinu vya Unyamwezi kuteremsha mbegu za watu, akasema kwa sauti ndogo, "Mama Kulwa, umenikaushia samaki."

Nililia. Yeye hakulia, hakufoka pia. Aliniambia tu nimpe chupa, akaifuta masizi kwa koti lake la safari, akaenda nayo. Nilijua nimemzika mtu akiwa hai.

Alizipanda kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya. Udongo ule ule wa mbuga, maji yale yale ya mvua, wavu ule ule. Hakuja kwetu siku kumi na saba. Mume wangu alisema nimwache.

Siku ya kumi na nane, asubuhi, jua limeshatoka, nikasikia kelele uani kwake. Nilidhani nyoka. "Mama Kulwa! Mama Kulwa! Njoo na shahidi!" Nikaenda na mama mkwe, maana ndiye aliyekuwa karibu. Bwana Shamba alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni na lenzi yake ya kukuzia mkononi, shati limefungwa vifungo vya kupishana. Akanipa lenzi. Mchanga ulikuwa umejaa vidoti vya kijani, vidogo kuliko punje ya sukari, na vichache, kama ukitulia, vilikuwa na kinywele kimoja chenye tone.

"Arobaini na moja," alisema. "Nimezihesabu mara mbili. Arobaini na moja!"

Akaanza kucheza. Sijui ngoma gani, nadhani alijitungia. Mwenye duka alifunga duka lake mchana kweupe kuja kuona, akaleta boksi zima la chupa tupu, bure. Watoto wakaimba, "Mbegu si samaki!" na yeye akasimama, akawanyamazisha kwa mkono, akasema, "Hizi ni samaki. Hizi, hizi hapa, ni samaki!"

Siku hiyo ndipo alipoelewa, na alituelezea sote tukiwa tumelizunguka beseni. Kule bondeni, mmea ukikauka, mbegu inabaki juu ya mchanga mtupu inaungua na jua la kiangazi, miezi na miezi, mpaka udongo wenyewe unapasuka. Haiamki mpaka ijue kiangazi kimepita. "Mimi nilikuwa naitunza kivulini kama mgonjwa," alisema. "Nimeinyima kiangazi. Sasa itajuaje kwamba mvua imekuja?" Kama ni joto la mafiga lililoziamsha au moshi wenyewe, hakujua, na hakujifanya kujua.

Mama mkwe alisikiliza yote hayo. Kisha akauliza, "Kumbe shule yote ile mlikuwa mnaogopa moto?"

Bwana Shamba, aliyemzidi umri mama yule kwa miaka mingi na ambaye hakuwahi kusema neno la Kinyamwezi mbele za watu, alivua kofia akainama. "Mwangaluka, mayo," alimwamkia kwa lugha yake, kama mwana kwa mama, na akamshika mikono miwili. Mama mkwe alicheka mpaka khanga ikamdondoka.

Kwenye mkutano wa kijiji kile cha mpunga alisimama akaeleza mwenyewe. Hakutumwa. Aliwaambia akina mama ambao mashuke yao aliyateremsha kwamba kuna mbegu alizozikosea, na kwamba tangu leo mbegu yoyote ataiuliza kwanza kabla ya kuitoa mahali. Mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Na mahindi yangu je, niyarudishe juu?" Akajibu haraka, "Hapana! Mahindi kwenye debe!" Walicheka, wakampigia makofi. Wiki iliyofuata alionekana akiteremsha mahindi kwenye jiko la mtu Usoke, na jioni hiyohiyo alikuwa kwangu akiomba kutundika chupa sita mpya darini. Hakuona tatizo lolote hapo. Nilimpenda kwa hilo.

Miaka kadhaa mbegu zake zilikula moshi wa jiko langu. Kila masika beseni lilikuwa jekundu, mbu wakinasa, yeye akivuna mbegu mpya na kuzipeleka bondeni kwenye ukingo wa majaruba, pembeni ambapo maji ya mtaro yanavuja. Kila mara alirudi na jibu lilelile: bado. Zilizopandwa zinaota, lakini hazizaliani zenyewe. Halafu akastaafu, akachagua kukaa kijijini kule badala ya kurudi kwao, akamleta mkewe, akachukua chupa zake zote. Dari yangu ikabaki na mtama tu.

Nilimwona tena wanangu wakiwa wamekwisha kuoa. Nilikwenda Usoke kwa harusi ya mpwa wa mume wangu, na kesho yake nikaomba nipelekwe kwake. Alikuwa na fimbo, amepungua mwili, nywele zote nyeupe. Nikamwamkia. Mkewe akaleta maji. Akachovya kidole, akaonja kikombe changu kabla hajanipa.

"Ya mvua," alisema. "Kunywa."

Tulizungumza habari za waliokufa, na walikuwa wengi: mume wangu, mama mkwe, mwenye duka. Kisha nikaingia jikoni kumsaidia mkewe, nikaangalia juu. Ilikuwa desturi yangu sasa, nimeirithi kwake. Chupa za marashi zilikuwapo, zimepangwa kwenye uzi juu ya mafiga, nyingi, nyeusi. Nikaivuta moja. Tupu. Nikaivuta nyingine. Tupu. Zote zilikuwa tupu, na vizibo vimetolewa. Nilisimama pale na moshi machoni, sikujua nitatokaje kwenda kumtazama usoni.

Nikatoka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Umeona," alisema.

"Nimeona, Bwana Shamba. Pole."

"Chukua viatu. Twende."

Tulikwenda polepole, fimbo yake mbele. Majaruba yalikuwa yamejaa mpunga ulioanza kuinama, na akina mama walikuwa wanavuna upande wa pili. Tukafuata mtaro mpaka mwisho, ambapo maji yanavujia chini ya tuta, na hapo tuta lilikuwa limejengwa kwa kupinda, kama limekwepa kitu. Nyuma ya tuta palikuwa pekundu. Sio beseni moja. Palikuwa pekundu kutoka miguuni petu mpaka kwenye vichaka, maelfu ya nyuzi zenye matone, maua ya rangi ya waridi juu yake, na mbu wamenasa wakipapatika. Nilichuchumaa. Ulimbo wa nzi wa kwanza niliouona mahali pake.

"Nilipanda mara ya mwisho miaka minne iliyopita," alisema juu ya kichwa changu. "Minne, Mama Kulwa. Tangu hapo sijatia hata punje. Wanakauka wenyewe, wanaungua na jua wenyewe, wanarudi wenyewe. Chupa za nini tena?"

Nikasimama, nikaweka mkono mdomoni, nikapiga kigelegele, mimi mjane mwenye wajukuu, peke yangu katikati ya mbuga. Ng'ambo ya majaruba akina mama wakainua vichwa kutoka kwenye mpunga. Hawakujua ni cha nini. Wakajibu wote.